Hofu na Hasira Hutoka Wapi? Somo juu ya Ubongo na Moyo

Wazee wa kale walinena: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni utepe tu wa jani la mkindu, wa kushonea mikeka. Hauna meno wala sumu. Mtu yule aliyeshtuka ajua hayo vizuri, hana haja ya kufundishwa. Hata hivyo mwili wake umeruka kabla akili haijasema neno. Nani ndani yake aliyeiamuru miguu iruke?

Hiyo ndiyo habari ya somo hili. Lawafaa watoto, kwa kuwa ndio wanaotikiswa zaidi na hofu, hasira na huzuni. Lawafaa pia wazazi na walimu, kwa kuwa mtoto asiyefahamika hupigwa bure, na mara nyingine husingiziwa mambo mabaya kuliko kipigo.

I. MOYO AU KICHWA?

Watu husema: moyo wake umevunjika, ana moyo mgumu, mpe moyo. Maneno hayo si ya uongo. Mtoto akiogopa, mama akiweka mkono juu ya kifua chake, atasikia moyo unapiga mbio kama ngoma. Lakini moyo ni mtumishi. Amri imetoka juu, katika ubongo.

Ubongo ni kitu laini sana kilichofungwa ndani ya fuvu la kichwa kama mbegu ndani ya ganda. Ubongo wa mtu mzima una uzito usiofika kilo moja na nusu. Ndani yake mna chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, kama walivyohesabu wataalamu wa Brazili mwaka 2009. Bilioni moja ni milioni elfu. Mtu hawezi kuzihesabu moja moja hata akiishi miaka mia. Chembe hizo hupashana habari usiku na mchana, kama vile ngoma ya lokole ilivyopeleka habari kutoka kijiji hata kijiji. Mishipa ya fahamu huzichukua habari hizo kutoka ubongo mpaka vidole, tumbo na moyo, tena huzirudisha.

Mwaka 1921 mtaalamu mmoja, jina lake Otto Loewi, alionyesha jinsi moyo unavyopokea amri. Alichukua mioyo miwili ya vyura, nayo ikaendelea kupiga katika maji ya chumvi. Akausisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, ule upunguzao mwendo, na moyo ukapiga polepole. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akayatia katika moyo wa pili, usioguswa na kitu. Na huo ukapunguza mwendo! Basi ikajulikana kwamba mshipa wa fahamu humwaga dawa fulani iupayo moyo amri. Kwa kazi hiyo Loewi, pamoja na Mwingereza Henry Dale, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936.

II. NJIA MBILI ZA HABARI

Mtoto ametumwa maji mtoni. Arudipo jua linatua, na mbele yake njiani pamelala kitu chembamba, kirefu, kilichojikunja. Papo hapo aruka nyuma. Mtungi waanguka na kuvunjika. Kisha atazama vizuri: kumbe, ni kamba! Ndani ya kichwa chake kumetendeka nini?

Jicho halikati shauri peke yake. Lapeleka habari mpaka kituo kilicho katikati ya ubongo, kiitwacho thalamasi. Kutoka hapo habari zapita njia mbili. Njia ya kwanza ni fupi, nayo yafika kwenye kitu kidogo, kadiri ya harage kubwa, kilichomo ndani ya ubongo karibu na usawa wa masikio. Kuna kimoja upande wa kuume na kimoja upande wa kushoto. Wataalamu hukiita amigdala. Njia ya pili ni ndefu. Yapita nyuma ya kichwa, mahali picha za macho zinapochunguzwa, kisha yaenda kwenye kumbukumbu na kwenye sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambapo mtu hupima na kukata shauri.

Amigdala ni kama mbwa mlinzi. Husikia kishindo akabweka. Haulizi kama ajaye ni mwizi au ni mtoto wa nyumba ile. Sehemu ya mbele ni kama mzee wa baraza. Huja polepole na fimbo yake, huuliza, husikiliza, ndipo asemapo: «Nyamaza, ni kamba tu.» Kati ya mbwa na mzee hupita muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara chache, lakini muda huo watosha mtungi kuvunjika.

Mmarekani Joseph LeDoux alizifuata njia hizo kwa miaka mingi katika ubongo wa panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani, akazieleza katika kitabu chake cha mwaka 1996. Je, mbwa huyo ana kosa kwa kubweka upesi? Hapana. Afadhali kuishtukia kamba mara mia kuliko kumkanyaga nyoka mara moja.

III. MTAALAMU NA BAFE

Pengine mtoto aliyevunja mtungi atachekwa na wenzake. Wasimcheke. Mwingereza Charles Darwin, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mambo ya viumbe, alipatwa na jambo kama hilo, tena yeye mwenyewe aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1872. Katika bustani ya wanyama ya London palikuwa na bafe, yule nyoka mnene wa nyika za Afrika apendaye kulala njiani. Alifungiwa nyuma ya kioo kinene. Darwin alisogeza uso karibu na kioo, ameazimia kabisa kwamba nyoka akirusha kichwa yeye hatarudi nyuma. Bafe akarusha kichwa. Darwin akaruka nyuma upesi mno, hatua moja au mbili, na azimio lake lote likawa bure.

Alijua kuna kioo. Alikuwa hajaumwa na nyoka kamwe. Tena alikuwa mtu wa akili nyingi. Lakini mbwa alibweka kabla mzee hajafika. Basi kushtuka si ujinga wala si aibu.

IV. MWILI WAJITAYARISHA

Amigdala ikipiga mbiu, mwili wote waitika. Juu ya mafigo mna tezi mbili ndogo, nazo humwaga ndani ya damu dawa iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio. Pumzi huenda upesi. Damu hukimbilia miguu na mikono. Mboni za macho hupanuka. Tumbo huacha kazi ya kusaga chakula. Kwa hiyo kinywa hukauka na tumbo husokota. Viganja hutoka jasho. Mmarekani Walter Cannon alieleza mambo hayo katika kitabu cha mwaka 1915: mwili wajiweka tayari kupigana au kukimbia.

Kuna na njia ya tatu. Kifaranga akiona kivuli cha mwewe, pengine hapigani wala hakimbii. Hukauka pale pale, asitikisike. Mtu pia huwa hivyo. Mwalimu akimwita mtoto kwa ukali mbele ya wenzake, mtoto husimama kimya, macho chini. Mwalimu hudhani: «Huyu ana kiburi, hataki kunijibu.» Kumbe mtoto amekauka kama kifaranga. Hofu ikizidi, sehemu ya mbele ya ubongo hupungukiwa na nguvu za kufanya kazi, na jibu alilolijua jana halipatikani leo. Fimbo haitalileta, fimbo yaongeza kivuli cha mwewe.

V. MLINZI NA MZEE, WOTE WAWILI NI WA LAZIMA

Mwingine atasema: Ingekuwa heri kama tusingekuwa na hofu kabisa. Habari za watu wawili zaonyesha sivyo.

Wa kwanza ni mwanamke mmoja wa Marekani, ambaye jina lake limefichwa na wataalamu. Ugonjwa wa nadra uliziharibu amigdala zake zote mbili. Mwaka 1994 wataalamu waliandika kwamba hakuweza kuitambua hofu katika uso wa mtu mwingine. Baadaye walimpeleka katika duka la nyoka. Badala ya kukimbia, aliwashika, tena aliuliza mara nyingi kama aweza kuwagusa hata wale wa hatari. Katika maisha yake aliwahi kujikuta mara kadhaa mikononi mwa watu waliotaka kumdhuru, kwa kuwa hakuwa na mlinzi wa kumwonya mapema. Lakini amigdala haifanyi kazi yote peke yake. Mwaka 2013 iliandikwa kwamba mama huyo, alipovuta hewa yenye gesi nyingi ya kaboni dioksidi, iletayo hali ya kukosa pumzi, alishikwa na hofu kubwa. Basi hofu itokayo ndani ya mwili ina njia nyingine.

Wa pili ni Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli katika jimbo la Vermont, huko Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka, na fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 ikamwingia chini ya shavu la kushoto, ikatokea juu ya kichwa. Hakufa. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba tabia yake iligeuka. Zamani alikuwa mtu wa utaratibu. Sasa akawa mwepesi wa hasira, mwenye matusi, asiyeshika shauri alilolikata mwenyewe. Chuma kile kilikuwa kimejeruhi sehemu ya mbele ya ubongo: mbwa alibaki, mzee akadhoofika. Hata hivyo baada ya muda Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi itakayo utulivu na utaratibu. Alikufa mwaka 1860. Yaonekana kwamba hata mzee aliyejeruhiwa aweza kujifunza tena kwa sehemu.

VI. HOFU IKUMBUKAYO

Karibu na amigdala mna sehemu nyingine iitwayo hipokampasi, iwekayo kumbukumbu za mambo yaliyotukia: wapi, lini, pamoja na nani. Sehemu hizo mbili hushirikiana. Jambo la kutisha huandikwa kwa wino mzito kuliko jambo la kila siku, pamoja na harufu yake na sauti yake. Ndiyo maana ya ule ung'ongo wa wazee.

Tangu mwaka 1996 vita vimepita mara nyingi mashariki ya Kongo, na watoto wengi wamekimbia usiku migongoni mwa mama zao. Mtoto wa namna hiyo aweza kuwa amefika mahali pa salama, anakula, anasoma. Lakini mfuniko wa sufuria ukianguka, ajificha chini ya kitanda. Usiku apiga kelele. Alowesha mkeka ingawa ameshakua. Mchana akasirika bila sababu ya kuonekana, au akaa peke yake bila kusema.

Majirani wengine husema: «Mtoto huyu amelogwa.» Wengine husema neno baya zaidi: «Yeye mwenyewe ni mlozi.» Neno hilo ni la uongo, nalo limewafukuza watoto wengi nyumbani mwao. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto uchawi, na yaagiza wafanyao hivyo waadhibiwe kwa sheria. Mtoto huyo hana uchawi. Ubongo wake wafanya kazi ileile ya ulinzi uliyojifunza siku ya hatari: mbwa aliyewahi kumwona mwizi kweli hubweka kwa kila kishindo.

Hofu ya namna hiyo haifutwi mara moja, kama chaki ubaoni. Hufunikwa polepole na mafundisho mapya: kishindo kimesikika, wala hakuna aliyekufa, usiku umepita, na mama yupo. Mafundisho hayo yataka kurudiwa mara nyingi, kwa saa zilezile za chakula, za kazi, za mchezo na za kulala. Na kama taabu hiyo yaendelea zaidi ya mwezi mmoja, mzazi ampeleke mtoto kituo cha afya, au kwa mtu aliyefundishwa kusaidia watoto walioona vita.

VII. MTOTO AFANYE NINI?

Kwanza, alitaje jina la hisia yake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake, huko Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na hofu, huku mashine ikipima kazi ya ubongo wao. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, sehemu moja ya mbele iliongeza kazi, na amigdala ikatulia. Kiswahili kina maneno mengi ya kazi hiyo: hofu, aibu, haya, wivu, kijicho, hasira, uchungu, huzuni, majonzi. Mtoto ajifunze kuyapambanua. Mfano: mama amezaa mtoto mchanga, na mkubwa wake amfinya. Akiulizwa, ajibu: «Nina hasira.» Akiulizwa tena kwa upole, ataona kwamba ni wivu, na chini ya wivu ni hofu ya kutopendwa. Sasa mama ajua la kufanya.

Pili, avute pumzi na kuitoa polepole. Avute akihesabu mpaka nne, aitoe akihesabu mpaka sita, mara kumi. Mtu atoapo pumzi polepole, ule mshipa wa fahamu alioujaribu Loewi katika vyura huuambia moyo upunguze mwendo.

Tatu, angoje kabla ya kutenda. Aweke jiwe chini. Aondoke mahali pa ugomvi. Atembee mpaka kisimani na kurudi. Adrenalini haikai siku nyingi katika damu. Yapungua, na mzee wa baraza apata nafasi ya kufika. Hasira hasara, walisema wahenga. Lakini hasara yaja kwa mkono uliotangulia shauri.

Nne, amwendee mtu mzima aliyetulia. Mtoto hujifunza utulivu kwa kukaa karibu na mtulivu.

VIII. MZAZI NA MWALIMU WAFANYE NINI?

Wajue kwanza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo ichelewayo kuliko zote kukomaa. Yaendelea kujengwa mpaka mtu afikie karibu miaka 25. Kwa hiyo kumtaka mtoto wa miaka sita ajitawale kama mtu mzima ni kutafuta mahindi katika shamba lililopandwa jana. Samaki mkunje angali mbichi; lakini hukunjwa taratibu, asivunjike.

Wajue pili kwamba hisia na tendo si kitu kimoja. Mtoto hana kosa kwa kuhisi hasira. Lakini akimpiga mdogo wake jiwe, amekosa, na apaswa kufundishwa na kurekebisha alichoharibu. Mzazi asemaye «Acha kuogopa!» aagiza jambo lisilotii amri. Asemaye «Naona unaogopa, njoo, tutazame pamoja ni nini» amemwita mzee wa baraza.

Wajue tatu utaratibu wa kazi: kutuliza kwanza, kufundisha baadaye. Mafundisho yaliyotolewa wakati mbwa anabweka hayasikiki.

MASWALI NA MAJIBU

1. Amri ya kuogopa hutoka moyoni?
Hapana. Hutoka katika ubongo. Moyo huipokea na kuitii.

2. Kwa nini mtu hushtuka kabla ya kufikiri?
Kwa sababu habari hufika upesi kwa amigdala kuliko kwa sehemu ya mbele ya ubongo.

3. Je, kushtuka ni aibu?
Si aibu. Ni ulinzi wa mwili.

4. Mtoto anyamazaye mbele ya mkali ana kiburi?
Mara nyingi amekauka kwa hofu, kama kifaranga chini ya kivuli cha mwewe.

5. Mtoto aliyeona vita, akipiga kelele usiku, ni mlozi?
Hapana kabisa. Ubongo wake wakumbuka hatari. Ataka salama, subira na msaada.

6. Mtu ahukumiwe kwa hasira aliyoihisi?
Hapana, aulizwe juu ya tendo alilolitenda.

7. Kazi ya kufanya nyumbani ni ipi?
Jioni kila mtoto amtajie mzazi hisia moja aliyokuwa nayo siku ile, na jambo lililoileta. Naye mzazi asikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu.